Kriketi ya Kenya: Msimu wa Mwisho Mezani pa Wakubwa

Wengi wetu tukitajiwa Kenya na michezo, akili hukimbilia riadha: mbio ndefu, medali, na bendera begani. Ni wachache tunaokumbuka kwamba kwa karibu miaka 18 Kenya ilihesabiwa pia miongoni mwa mataifa ya kriketi, na kwamba mwaka 2003 ilikuwa moja ya timu nne bora za Kombe la Dunia. Tarehe 30 Januari 2014, mjini Christchurch, New Zealand, timu hiyo ilicheza mechi yake ya mwisho ya kimataifa ya siku moja yenye kutambuliwa rasmi kwa hadhi hiyo. Ilishindwa na Scotland kwa wiketi tatu. Tangu hapo haijarudi.

Tumekiandika kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba historia ya michezo ya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa Kiingereza, na ikifika kwenye kriketi, kwa Kiswahili karibu hakuna kitu. Ya pili ni kwamba sehemu kubwa ya kisa chenyewe imetokea jirani yetu. Mwanzo wa msimu ule wa mwisho ulikuwa Sharjah, na miaka mitano baadaye Kenya ilikuja kucheza hapahapa Muscat, kule Al Amerat, nyuma ya milima. Tulio Mabela tunaishi na kriketi kila wiki. Ijumaa asubuhi, kwenye viwanja vitupu vya mchanga, huwakuti wafanyakazi wa Kipakistani, Kihindi na Kibangladeshi ila wamepanga wiketi zao. Lakini kwenye baraza zetu za Kiswahili mchezo huu huitwa mchezo wa watu wengine. Historia inasema vingine.

Swali tulilojiuliza ni hili: timu iliyofika nusu fainali ya dunia ilipoteaje katika muda usiofika miaka 11? Jibu letu, kwa kifupi, ni kwamba Kenya haikupotea Christchurch. Christchurch ndipo hesabu ilipofungwa. Matumizi yalianza zamani, siku ambazo kila mtu alikuwa bado anashangilia.

Mchezo wenyewe

Kwa msomaji ambaye kriketi huiona kwa mbali tu, maneno machache yatasaidia. Timu mbili za watu 11 hupokezana. Moja inapiga, nyingine inarusha mpira na kuudaka. Wapigaji hukusanya mikimbio, na warushaji hutafuta wiketi, yaani kumtoa mpigaji mmoja baada ya mwingine mpaka kumi watoke. Katika mechi ya siku moja kila upande hupata ova 50, na kila ova ni mipira sita. Mechi hizo si zote sawa. Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, ndilo linaloamua ni nchi gani mechi zake zihesabiwe kuwa za kimataifa kamili, ziingie katika kumbukumbu na kuvuta televisheni, wadhamini na ruzuku. Hadhi hiyo ndiyo tunayoizungumzia. Nchi chache zinayo kwa kudumu. Nyingine hukopeshwa kwa muda, na muda ukiisha hupimwa tena.

Kutoka Afrika Mashariki moja

Kriketi ililetwa na Waingereza, lakini waliofanya iishi Afrika Mashariki ni jamii za Kihindi na Kigoa zilizokuwa na vilabu vyao Nairobi, Mombasa, Kampala, Dar es Salaam na Unguja, ambako Mnazi Mmoja ilijulikana kwa kriketi kabla ya kujulikana kwa mengine mengi. Wakati wa Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Uingereza mwaka 1975, timu iliyokwenda iliitwa Afrika Mashariki. Wachezaji wake walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nahodha akiwa Harilal Shah. Walicheza mechi tatu na kushindwa zote, mbele ya New Zealand, India na Uingereza. Mmoja wa waliocheza dhidi ya New Zealand alikuwa John Nagenda wa Uganda, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama mwandishi na mshauri wa rais.

Mwaka 1981 Kenya ilijitenga na kuwa mwanachama wa ICC kwa jina lake. Taratibu vijana wa Kiafrika waliokulia karibu na viwanja vya Nairobi wakaanza kuchukua nafasi. Walianza kwa kuokota mipira na kutazama wakubwa, kisha wakaingia vilabuni. Hapo ndipo zikatoka zile koo za kriketi ambazo bila hizo historia hii haiandikiki: kina Tikolo, kina Odumbe, kina Suji, kina Obuya, na baadaye ndugu wa ukoo wa Ngoche. Timu ya taifa ilikuwa kama barza la familia tano. Jambo hilo lilikuwa zuri kwa mapenzi na umoja. Tutaona mbele kwamba lilikuwa pia dalili.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, dunia ilisimama. Kenya, ikiwa katika Kombe lake la kwanza, ilipata mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies, mabingwa wa zamani wa dunia. Watu wakahesabu kwamba mambo yamekwisha. Kisha West Indies, wakiwa na Brian Lara ndani, wakatolewa wote kwa mikimbio 93. Nahodha Maurice Odumbe alichukua wiketi tatu na kuchaguliwa mchezaji bora wa siku.

Mwaka uliofuata, Kuala Lumpur, Kenya ilifika fainali ya Kombe la ICC, mashindano ya nchi zisizo na uanachama kamili. Steve Tikolo alipiga mikimbio 147, na bado Bangladesh ikashinda kwa wiketi mbili. Fainali ile tunaitaja kwa sababu inafundisha. Nchi zote mbili zilipewa baada ya hapo hadhi ya mechi za siku moja. Mwaka 2000 Bangladesh ilipandishwa kuwa mwanachama kamili, mwenye hadhi ya kudumu isiyopimwa kila baada ya miaka minne. Kenya nayo iliomba, na haikupewa. Katika mwaka huo huo wa 2000 Nairobi iliandaa mashindano makubwa ya ICC na wakubwa wote wakaja. Viwanja vilikuwepo, wageni walikuja, na India iliwahi kufungwa na Kenya mara mbili, Gwalior mwaka 1998 na Port Elizabeth mwaka 2001. Ilionekana ni suala la kusubiri tu.

Durban, 20 Machi 2003

Kombe la Dunia la 2003 liliandaliwa na Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. New Zealand walikataa kwenda Nairobi wakisema usalama hautoshi, na Kenya ikapewa pointi za mechi hiyo bila kucheza. Wapo waliosema, na wanasema hadi leo, kwamba Kenya ilibebwa na bahati. Lakini tarehe 24 Februari, hapohapo Nairobi, Sri Lanka walikuja wakacheza na wakafungwa kwa mikimbio 53. Collins Obuya, kijana aliyekuwa akirusha mpira wa kuzunguka, alichukua wiketi tano kwa mikimbio 24. Magazeti ya nje yalipenda kusema kwamba aliwahi kuuza nyanya. Kisha Kenya ikaifunga Bangladesh, na katika hatua ya pili ikaifunga Zimbabwe kwa wiketi saba mjini Bloemfontein. Bahati haikuwarushia mipira hiyo.

Nusu fainali ilikuwa Durban tarehe 20 Machi, siku ileile vita vya Iraq vilipoanza. Sourav Ganguly wa India alipiga mikimbio 111 bila kutolewa. India wakafika 270, Kenya wakaishia 179. Wakatoka vichwa juu, chini ya nahodha Steve Tikolo na kocha wao kutoka India, Sandeep Patil. Hakuna nchi nyingine isiyo na uanachama kamili wa ICC iliyowahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 50.

Tukisimama hapa, tukiwa na hesabu za siku ile, tungesema kesho ni ya Kenya. Tazama basi kilichofuata.

Buyu la asali

Baada ya Durban, mialiko haikuja. Mwaka 2004 Kenya ilicheza mechi mbili tu za kimataifa za siku moja, zote katika mashindano ya ICC kule Uingereza. Mwaka 2005 haikucheza hata moja. Timu iliyokuwa ya nne duniani ilikaa karibu mwaka na nusu kati ya 2004 na 2006 bila kuvaa jezi katika mechi ya hadhi hiyo. Hapa lawama ya nje ni ya haki. Mataifa makubwa ya kriketi hupanga ratiba zao kwa kuangalia mapato ya televisheni, na safari ya Nairobi haikuwa na faida kwao. Mchezaji asiyecheza na waliomzidi hubaki alipo, na wenzake humpita.

Lakini ndani nako kulikuwa kunawaka moto. Mwezi wa Agosti 2004 Maurice Odumbe, shujaa wa Pune, alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano usiofaa na watu wa kamari. Wachezaji na chama cha kriketi wakagombana juu ya malipo mpaka ukafika mgomo. Serikali ikaingilia kati. Chama cha zamani kikasambaratika, na mwaka 2005 kikaundwa chombo kipya, Cricket Kenya. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mapato ya Kombe la Dunia yangeweza kuwa mbegu ya vizazi viwili, lakini yaliyobaki katika kumbukumbu za miaka ile ni kesi, mabishano na ofisi kubadilishwa funguo.

Katika wakati huohuo ICC ilibadilisha utaratibu. Kuanzia 2005 hadhi ya mechi za siku moja kwa nchi zisizo wanachama kamili iligeuzwa kuwa ya muda. Timu sita zinapewa, zinapimwa katika mashindano, na zinazoshuka zinapoteza. Kenya ilikuwa imekaa na hadhi hiyo kama mwenye nyumba. Sasa ilikuwa mpangaji kama wapangaji wengine.

Kwa muda mpangaji huyo alilipa kodi. Mwaka 2007 Kenya ilishinda ligi ya daraja la kwanza la dunia kwa timu hizo, fainali ikichezwa Nairobi. Mwaka 2009, Afrika Kusini, ilimaliza ya nne na kubakiza hadhi yake. Ila angalia majina: Tikolo, Obuya, Odoyo, Kamande. Ni walewale, wamezeeka kidogo. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na Kenya ilikuwa inachovya buyu moja tangu 1996.

Kombe la Dunia la 2011 lilionyesha chini ya buyu. Katika mechi ya kwanza, mjini Chennai, Kenya walitolewa wote na New Zealand kwa mikimbio 69. Walicheza mechi sita na kushindwa zote sita. Kilichobaki cha kukumbukwa ni Collins Obuya, yule wa Sri Lanka, ambaye sasa alikuwa mpigaji, akifika mikimbio 98 bila kutolewa dhidi ya Australia. Zilimpungukia mbili tu afike mia. Baada ya mashindano hayo Tikolo akastaafu.

Msimu wa mwisho

Kati ya 2011 na 2013 ICC iliendesha ligi ya timu nane kutafuta wawili wa kwenda Kombe la Dunia la 2015: Ireland, Afghanistan, Scotland, Uholanzi, Falme za Kiarabu, Namibia, Canada na Kenya. Mechi za mwisho za Kenya zilikuwa Sharjah mwanzoni mwa Oktoba 2013, dhidi ya Afghanistan.

Tunaomba msomaji aishike vizuri safari ya Afghanistan. Wengi wa wachezaji wao wa mwanzo walijifunza kriketi katika kambi za wakimbizi Pakistan. Mwaka 2008, wakati Kenya ikiwa juu, Afghanistan ilikuwa daraja la tano, ikicheza katika kisiwa cha Jersey na timu ambazo wengi wetu hatujui kama zina kriketi. Miaka mitano baadaye wakakutana Sharjah. Tarehe 2 Oktoba Kenya hawakufika hata mikimbio 100. Tarehe 4 Oktoba hawakufika tena. Siku hiyo ya pili Afghanistan ikafuzu kwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kwa wao ilikuwa sherehe ya taifa zima. Upande wa pili wa uwanja, bila mtu kuwatazama, walikuwa wamesimama wana nusu fainali wa 2003.

Mwezi wa Novemba, hukohuko Falme za Kiarabu, Kenya ilijaribu kufuzu mashindano ya dunia ya ova 20 na ikashindwa. Katika kikosi cha msimu huo aliitwa tena Steve Tikolo, aliyekwisha kustaafu, akiwa na umri wa miaka 42. Sisi tunamheshimu mzee huyo kwa kuitika. Lakini timu inapomwita babu yake aje kushika gongo, swali si kwa babu. Swali ni wajukuu wako wapi.

Kikabaki kituo kimoja: mashindano ya kuwania nafasi, New Zealand, Januari 2014. Timu kumi zilikwenda, Uganda ikiwemo. Nafasi za Kombe la Dunia zilizobaki zilikuwa mbili, na timu nne za juu ndizo zingepewa hadhi ya mechi za siku moja kwa miaka iliyofuata. Uholanzi, waliokuwa na hadhi hiyo, waliishia hatua ya makundi. Kenya ilivuka na kuingia sita bora. Kwa siku chache ilionekana kwamba mpangaji atapata fedha ya kodi tena.

Kisha likaja lile la Christchurch, Hagley Oval, dhidi ya Scotland. Hawakutolewa kwa aibu siku hiyo kama Sharjah. Walipigana, na Scotland walifika kwa kusukumwa, wiketi tatu tu zikiwa zimebaki. Scotland wakaenda Kombe la Dunia. Hadhi ikaenda kwa Scotland, Falme za Kiarabu, Hong Kong na Papua New Guinea. Kenya ilimaliza ya tano.

Nafasi moja tu. Ndiyo maana wapo wanaosema ni bahati mbaya, ni wiketi tatu, ni siku moja. Hatukubaliani nao. Timu ambayo miaka 11 kabla ilikuwa ya nne kati ya dunia nzima isingepaswa kuwa inahesabu wiketi kugombea nafasi ya nne miongoni mwa wasio na uanachama kamili. Bahati huweza kueleza mechi moja. Haiwezi kueleza muongo mzima.

Mfano wa Frankfurt

Ili tusione kwamba hili ni la Kenya peke yake, tutoke nje kidogo. Kuanzia 1991 Wamarekani walijaribu kuupanda Ulaya mchezo wao wa futiboli ya Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wa mviringo wa yai. Ligi yao ya kulipwa, NFL, ilianzisha ligi ya nje na kuigharimia. Kufikia 2007 zilibaki timu sita, tano za Ujerumani na moja ya Amsterdam. Tarehe 23 Juni mwaka huo, mjini Frankfurt, mbele ya watazamaji zaidi ya 48,000, Hamburg Sea Devils waliwafunga wenyeji, Frankfurt Galaxy, kwa pointi 37 kwa 28. Siku sita baadaye wenye ligi wakatangaza kuifunga. Hasara ilikuwa kubwa na maamuzi yalikuwa New York. Watu wa Frankfurt hawakuulizwa.

Tofauti yao na Kenya ni kilichofuata. Ujerumani ilikuwa na ligi yake ndogo ya mchezo huo tangu 1979, ya vilabu vya mitaa visivyotegemea fedha za Marekani. Mwaka huohuo wa 2007 mashabiki wa Galaxy walianzisha klabu yao wenyewe mjini humo. Na mwaka 2021, ilipoundwa ligi mpya ya Ulaya, jina la Frankfurt Galaxy lilirudi na timu ikachukua ubingwa wa kwanza. Mti ulikatwa, lakini mzizi ulikuwa ardhini.

Kenya, hadhi ilipoondoka, mzizi ulikuwa mwembamba. Kriketi ya ushindani ilikuwa ya vilabu vichache vya Nairobi na Mombasa, ambako uwanja wa Mombasa Sports Club nao ulipata kuandaa mechi za kimataifa. Shule chache mno ziliicheza. Kisumu, Nakuru au Lamu mtoto angeweza kumaliza masomo bila kushika gongo. Timu ya taifa ilitoka katika familia tano kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kutoka.

Kenya Muscat

Mwezi wa Februari 2018, Windhoek, timu mbili zilishuka pamoja kutoka daraja la pili la dunia: Kenya na Oman. Novemba mwaka huo daraja la tatu likachezwa hapa Muscat, Al Amerat. Zilikuja Kenya, Uganda, Marekani, Denmark na Singapore kucheza na wenyeji. Oman ilishinda mechi zake zote tano na kupanda. Kenya haikupanda. Aprili 2019, tena Windhoek, Oman ikapata hadhi ileile ya mechi za siku moja ambayo Kenya iliipoteza Christchurch.

Oman iliwezaje? Kabla ya miaka ya 2010 nchi hii haikuwa na uwanja wa kriketi wa nyasi. Ulipojengwa Al Amerat timu ikapata nyumba. Mwaka 2016 Oman iliifunga Ireland katika mashindano ya dunia ya ova 20, na Oktoba 2021 dunia nzima ilitazama mashindano hayo yakifunguliwa Al Amerat kwa Oman kuifunga Papua New Guinea kwa wiketi kumi. Ni haki kusifu. Ni haki pia kuona kwamba wengi wa wachezaji wa timu hiyo ni watu wenye asili ya India na Pakistan waliokuja na mchezo wao kutoka kwao. Hadhi ya Oman nayo ni ya kupimwa kila baada ya muda. Watoto wa shule za serikali za Mabela, Khoud na Mawaleh wanacheza mpira wa miguu. Mtu aliyeisoma historia ya Kenya hatoshangaa tukiuliza: kizazi hiki kikistaafu, buyu lina nini?

Jibu zuri tumeliona kwa jirani wa Kenya. Uganda walidharauliwa kwa miaka mingi, lakini hawakuacha kuchezesha shule zao. Desemba 2019 walikuja Al Amerat katika kundi moja na Kenya, wakashinda mechi zao zote. Novemba 2023 waliifunga Zimbabwe na kufuzu Kombe la Dunia la ova 20 la 2024. Huko Guyana walipata ushindi wao wa kwanza, dhidi ya Papua New Guinea, na aliyerusha ova nne kwa mikimbio minne tu alikuwa Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, ambaye alianza kucheza mashindano ya kimataifa mwaka 1997. Naye ni mzee, kama Tikolo wa 2013. Tofauti ni kwamba pembeni yake walisimama vijana wa umri wa kuwa watoto wake, na walikuwa wanajua kazi.

Katika ligi iliyoanza mwaka 2024 Kenya waliwekwa pamoja na Qatar na Kuwait. Uganda na Tanzania waliwekwa kundi jingine pamoja na Bahrain. Ukitaka kuona timu za Afrika Mashariki zikijenga upya, basi, huna haja ya kusubiri Durban nyingine. Ghuba ndiyo njia yao sasa.

Ombi kwa wasomaji

Sehemu moja ya historia hii hatujaiandika, nayo ni ile iliyo majumbani mwenu. Wazee wengi wa Mabela, Seeb na Mawaleh walikulia Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na Nairobi katika miaka ambayo kriketi ilikuwa mchezo wa mtaani kwa baadhi yao. Yuko aliyecheza Mnazi Mmoja, yuko aliyetazama tu akiwa juu ya ukuta, na pengine yuko aliye na picha ya timu ndani ya kasha. Ukiwa na mzee wa namna hiyo, kaa naye, muulize nani alikuwa anarusha na nani alikuwa anapiga, andika majina na miaka, kisha tuletee. Tutayachapa katika toleo lijalo kwa jina lake.